Jinsi ya Kununua Unga wa Protini Dar es Salaam Bila Kuhatarisha Afya Yako

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika ukumbi wa mazoezi ninakofundisha, Sinza, ni fupi: "Kocha, ninunue unga upi?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyeanza kunyanyua vyuma miezi miwili iliyopita, naye ameshatumiwa kwa WhatsApp picha za makopo na mtu aliyeahidi kumletea mzigo kwa bodaboda hadi mlangoni. Mimi humrudishia swali: jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulikula nini? Sifanyi hivyo kwa kumkwepa. Unga wa protini ni chakula kilichokaushwa, na hakuna awezaye kuchagua chakula cha kuongeza kabla hajajua kilichopungua.

Anza na sahani yako

Mtu mzima asiyefanya mazoezi huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayefanya mazoezi ya nguvu mara kwa mara, na anayetaka misuli yake ijengeke, huhitaji karibu mara mbili ya hapo, yaani gramu 1.6 kwa kilo, na wale wanaopunguza chakula ili wapungue mafuta bila kupoteza misuli huweza kufikia gramu 2 au zaidi kidogo.

Tumchukue mtu wa kilo 70 anayenyanyua vyuma mara nne kwa wiki. Mahitaji yake ni gramu 112. Akila mayai mawili asubuhi amepata gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kitampa 15. Kipande cha kuku au samaki cha gramu 150 kitampa karibu 40. Ugali wa gramu 150 za dona utampa 12, kwa sababu nafaka nazo zina protini ingawa wengi huisahau. Glasi ya maziwa 8. Na gramu 50 za karanga kama 12 hivi. Jumla ni 99. Gramu 13 zilizobaki hazihitaji kopo la bei kubwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa gramu 30 tu za dagaa wakavu huzijaza na kuzidi.

Hesabu hii ifanye kwa siku tatu mfululizo, mojawapo ikiwa siku ya mapumziko, na uiandike kwenye daftari. Wapo watakaogundua kwamba hawahitaji kununua chochote. Wapo pia ambao unga utawafaa kweli: anayetoka Gongo la Mboto alfajiri kwenda kazini Posta na kurudi usiku, akishinda na chapati na chai, asiyekula nyama wala samaki, mzee aliyetoka kuugua na hamu yake ya kula bado haijarudi, na anayefunga Ramadhani akaendelea na mazoezi, ambaye futari yake ni uji, mihogo na viazi, na ambaye glasi ya unga huo wakati wa daku humpunguzia kazi ya kula asichokitamani saa kumi ya usiku. Ikiwa uko katika kundi hili, nunua bila wasiwasi, lakini nunua kwa kujua.

Wanaopaswa kupimwa kwanza

Figo zilizo nzima hazijaonekana kudhurika kwa viwango vya protini nilivyovitaja. Figo zilizokwisha kuanza kudhoofika ni jambo jingine kabisa, na ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuishi nazo miaka mingi bila dalili yoyote. Kwa hiyo mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua figo, na apime kwanza kriatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu na protini kwenye mkojo, vipimo ambavyo hospitali nyingi za Dar es Salaam huvifanya. Mjamzito, anayenyonyesha na aliye chini ya miaka 18 wasianze bila ushauri wa daktari au mtaalamu wa lishe.

Mtu anayetumia dawa amwambie mfamasia. Unga unaotokana na maziwa una kalsiamu, nayo kalsiamu hunasa baadhi ya dawa tumboni kabla hazijaingia kwenye damu. Siprofloksasini na doksisaiklini, antibayotiki ambazo watu wa mji huu huandikiwa kila siku, zikimezwa pamoja na glasi ya unga huo hufanya kazi pungufu, na vivyo hivyo levothairoksini, dawa ya tezi ya shingoni. Mgonjwa atadhani dawa imemkataa, kumbe tatizo ni glasi.

Kuisoma lebo

Shika kopo, ligeuze upande wa nyuma, na usiyajali maandishi makubwa ya mbele. Utafute mambo mawili: uzito wa kipimo kimoja, na gramu za protini ndani ya kipimo hicho. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Gramu 24 za protini katika kipimo cha gramu 30 ni asilimia 80, na huo ni unga mzuri wa kawaida. Gramu 50 katika kipimo cha gramu 330 ni asilimia 15 tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maltodekstrini, yaani wanga uliokwisha kuvunjwavunjwa unaopanda kwenye damu haraka kama sukari. Unga wa namna hii ndio unaouzwa kama wa kuongeza uzito. Anayetaka kunenepa atapata wanga huohuo, kwa bei ndogo mno, kwenye uji wa lishe wenye karanga na maziwa.

Kisha piga hesabu ya bei kwa gramu ya protini, si kwa ukubwa wa kopo. Tuseme kopo la shilingi 180,000 lina vipimo 30 vya gramu 24: hizo ni gramu 720, kila moja kwa shilingi 250. Tuseme kando yake kuna kopo kubwa zaidi la shilingi 150,000, lenye vipimo 9 vya gramu 50: hizo ni gramu 450, kila moja kwa shilingi 333. Kopo lililoonekana rahisi ndilo la ghali. Na trei la mayai 30 likiwa shilingi 9,000 lina gramu 180 za protini, kila moja kwa shilingi 50. Weka bei za siku unayonunua, na hesabu itakupa jibu ambalo mwenye duka hatakupa.

Aina inayouzwa zaidi ni ya wei, yaani maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini, ambayo kwenye kopo huandikwa whey. Ya kawaida huandikwa concentrate. Ina protini asilimia 70 hadi 80 na hubaki na sukari ya maziwa kiasi. Iliyochujwa zaidi huandikwa isolate. Ina asilimia 90 au zaidi na sukari hiyo imekaribia kwisha. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu, kwa sababu Waafrika wengi wakishakuwa watu wazima matumbo yao huacha kuisaga vizuri sukari ya maziwa. Kama glasi ya maziwa fresh hukujaza gesi au hukuendesha, usijilazimishe na unga wa kawaida. Chagua uliochujwa zaidi, au wa soya, au wa njegere. Misuli haibagui, ilimradi kiasi kimetimia.

Sasa soma orodha ya viungo, ambayo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Hapa pana ujanja wa zamani. Maabara nyingi haziipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25 au namba iliyo karibu nayo. Kwa hiyo kitu chochote cha bei nafuu chenye naitrojeni huweza kuipandisha namba ya protini kwenye lebo. Ndivyo ilivyotokea China mwaka 2008, melamini ilipotiwa kwenye maziwa na watoto wachanga wakaugua figo. Kwenye unga wa mazoezi wanaofanya hivyo hutumia glaisini, taurini au kreatini. Ukiziona zimetajwa miongoni mwa viungo vya kwanza vya unga unaojiita wa protini tupu, acha. Uache pia unga unaotaja mchanganyiko maalumu wenye viungo kumi na uzito mmoja wa jumla. Asiyetaka kukuambia kiasi cha kila kiungo hana haki ya kukuomba ukinywe.

Jambo la mwisho kwenye lebo ni ladha. Unga wa mimea, na hasa wenye kakao, umekuwa ukionekana na madini ya risasi na kadimiamu kuzidi ule wa maziwa wenye vanila, kwa kuwa mimea huyanyonya madini hayo kutoka ardhini. Hii haimaanishi kwamba kila kopo la chokoleti ni sumu. Inamaanisha kwamba anayekunywa kila siku kwa miaka asing'ang'anie ladha moja, na achague kampuni inayotangaza vipimo vya madini ya kila toleo, yaani kila mkupuo wa makopo yaliyotengenezwa pamoja.

Duka, kopo na kibandiko

Niliwahi kununua makopo mawili ya unga uleule, moja katika duka lenye mlango na jina, jingine kwa mchuuzi aliyenipunguzia bei kwa karibu theluthi. Nyumbani niliyaweka sambamba juu ya meza ya jikoni. Chini ya kopo la kwanza tarehe na namba ya toleo vilikuwa vimechapwa kwa vitone vya wino ambavyo nilivikwangua kwa ukucha na havikutoka. La pili lilikuwa na kibandiko cheupe kilichonyooka vizuri mno. Nikakilowesha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kikaachia taratibu kuanzia pembeni, na chini yake kulikuwa na tarehe nyingine, iliyopita kwa miezi saba. Unga wa ndani ulikuwa umeshikana madonge na ulinuka maziwa yaliyokaa. Niliporudi kwa yule mchuuzi hakuwa na risiti wala hakuweza kunitajia aliyemletea mzigo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao sijauvunja. Nalipia mahali panapotoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iwe Kariakoo, Mlimani City au Masaki, kwa sababu bila risiti huna pa kuanzia ukidhurika. Natazama tarehe na namba ya toleo kwenye kopo lenyewe, si kwenye kibandiko. Nafungua kifuniko mbele ya muuzaji na kuitazama lakiri ya ndani, ile karatasi inayoziba mdomo wa kopo, kama imebandikwa sawasawa pande zote au ina mikunjo na alama za gundi. Namba ya mistari (barcode) haithibitishi kitu, kwani anayeiga kopo huiga na mistari yake. Na kopo lililokaa wiki nzima dirishani likipigwa na jua la saa saba, au kwenye kibanda cha bati, silinunui hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Usinunue kamwe unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni. Najua unauzwa hata ndani ya kumbi za mazoezi, tena na watu tunaosalimiana nao kila jioni, nami nimewaambia usoni. Mfuko huo hauna tarehe, toleo, viungo wala mwenyewe.

Usimamizi wa chakula nchini, vikiwemo virutubisho vya namna hii vinavyoingizwa kutoka nje, umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo mwaka huohuo ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kubaki na dawa na vifaa tiba. Muulize muuzaji usajili wa TBS wa bidhaa yake. Akikuonyesha kibandiko cha TFDA kwenye kopo lililotengenezwa juzi, umekwisha kujua unazungumza na mtu wa namna gani. Ukishuku kwamba bidhaa ni ya kuigwa, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Vilivyo jirani na unga rafuni

Katika vyote vinavyopangwa kando ya unga wa protini, vyenye ushahidi wa kutosha ni vichache. Kreatini monohaidreti, gramu 3 hadi 5 kwa siku, huongeza nguvu kwa mazoezi mafupi ya kasi, na ile ya bei nafuu isiyo na mbwembwe hufanya kazi sawa na ya ghali. Hupandisha kidogo kriatinini kwenye vipimo bila figo kuwa na kasoro, kwa hiyo ukienda hospitali mwambie daktari kwamba unaitumia. Kafeini nayo husaidia, lakini mtu mzima asizidishe miligramu 400 kwa siku kutoka kila chanzo, na baadhi ya unga wa kabla ya mazoezi una 300 au zaidi katika kijiko kimoja. Ukiuchanganya na kinywaji cha kuongeza nguvu kutoka dukani, kisha ukakimbia Coco Beach katika joto na unyevu wa Februari, moyo unabebeshwa mzigo usio wake. Tabia ya kuulamba unga huo mkavu bila maji iachwe kabisa, kwa kuwa hupaliza na humimina kafeini yote kwa mkupuo. Amino asidi za kopo, ambazo ni vipande vinavyounda protini, hazikuongezei kitu ikiwa protini yako ya siku imetimia.

Vinavyonitia hofu ni vya kuyeyusha mafuta na vya kunenepesha. Katika vya kuyeyusha mafuta mara kwa mara hukutwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na hukutwa bila kutajwa kwenye lebo. Upande wa pili kuna vidonge vinavyouzwa kwa siri kwa wasichana wanaotaka makalio na kwa vijana wanaotaka kifua, navyo huweza kuwa siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoamsha njaa, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili. Kwa deksamethasoni uso huvimba, sukari hupanda, kinga hushuka, na mwili huzoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje hadi huacha kuitengeneza. Aliyetumia kwa wiki kadhaa asiviache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende hospitali na vidonge mkononi, akaachishwe taratibu. Simlaumu binti aliyedanganywa, na hapaswi kuona haya kumwambia daktari ukweli.

Kwa mwanamichezo anayeshindana

Sheria za kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni humwajibisha mwanamichezo kwa kila kitu kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukijua. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 miaka ya 2000 na 2001, vyote visivyotaja homoni kwenye lebo, na 94 kati yake, karibu asilimia 15, vilikutwa na vitangulizi vya homoni za kiume. Kwa hiyo mkimbiaji au bondia anayetarajia kupimwa atumie tu bidhaa yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, ambazo hutolewa kwa virutubisho vilivyopimwa dawa zilizokatazwa michezoni, kisha aingie kwenye tovuti ya mwenye alama na kuitafuta namba ya toleo iliyo kwenye kopo lake mwenyewe. Alama huchapishika na yeyote. Namba ya toleo kwenye orodha yao haiigiki kirahisi.

Ukishafika nalo nyumbani

Usiamini kijiko cha ndani ya kopo. Nilipokiweka kwenye mizani ya jikoni, kijiko cha kujaza kwa kilima kilitoa gramu 41 wakati lebo inasema 32. Kopo lililopaswa kudumu mwezi lingekwisha baada ya siku 23 hivi. Pima mara moja kwa mizani, uone mstari wake uko wapi, kisha ufuate mstari huo. Kijiko kiwe kikavu kila mara, kwani unyevu wa Dar es Salaam ukishaingia ndani hauna pa kutokea. Changanya kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, unywe ndani ya saa mbili, na uoshe chupa papo hapo.

Anza na nusu ya kipimo kwa siku tatu ili tumbo lijipime. Ukiona macho yanageuka manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au kifua kubana, acha mara moja na uende hospitali na kopo lenyewe pamoja na risiti. Taarifa ya chakula ipeleke TBS, na ya kitu kilichouzwa kama dawa ipeleke TMDA. Unga uliobaki usiutupe. Ufunge, uandike juu ya kopo siku ulipoanza kuutumia na kiasi ulichokuwa ukinywa, kwa kuwa hayo ndiyo mambo mawili ambayo daktari atakuuliza kwanza.